Laini ya Pampu ya Pili

Redio koli za shamba nilizikusanya mwenyewe, moja baada ya nyingine, nikazitia kwenye gunia. Zilikuwa nyeusi, nzito, nyingine zimefungwa mpira pale zilipopasuka, na kila mnyapara aliyenikabidhi ya kwake alinitazama kama mtu anayepokonywa fimbo ya kutembelea. Nilikuwa na sababu. Yeyote mwenye redio ya aina ile, hata akiwa amejikalia zake kando ya barabara kuu, angeweza kusikia tunayosema: lori gani limepakia, geti gani halina mlinzi, fundi yupi hajafika. Nami nilikuwa nimeajiriwa ili mambo ya shamba yasisikiwe na kila mtu.

Shamba lenyewe ni la mkonge, upande wa Korogwe, ila vitalu vyake vya mwisho vimevuka mto vikaingia Handeni. Kule bondeni mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Ukitaka kupiga unapanda kilima, mwendo wa karibu saa nzima, unalitafuta jiwe ambalo watu wamekwisha kulijua, unasimama juu yake. Kwa hiyo wenye shamba wakaamua kujenga mtandao wao. Mnara wetu, mitambo yetu, na laini zetu wenyewe, ambazo ukitoka nazo nje ya shamba hazishiki kitu. Laini hizo ziliwekwa kwenye mizani ya malori, kwenye matrekta, kwenye simu mpya za wanyapara, na ndani ya visanduku vya pampu zinazovuta maji mtoni kuyapeleka kiwandani. Bila maji, korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kuacha singa, inasimama.

Wakandarasi walijenga, wakapiga picha chini ya mnara, wakaondoka. Kuulinda mtandao ule kukawa kazi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kwamsisi. Mama yangu akiulizwa binti yake anafanya kazi gani Korogwe, hujibu, "Analinda simu za shamba," na majirani humpa pole, wakidhani nakesha getini na rungu. Nimejaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba kazi yangu ni kuhakikisha anayeingia kwenye mtandao ni yule aliyeruhusiwa tu, na kwamba akiingia asifike pasipomhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si ndiyo hiyo hiyo ya getini?" Nikaacha.

Kwenye pampu ya pili, ng'ambo ya mto, mwangalizi alikuwa mzee wa Kizigua mwenye shamba lake dogo la mahindi jirani na pale. Alikuwa amezisikiliza mashine za maji kwa miaka mingi kiasi kwamba alijua beringi imeanza kuchoka kabla fundi hajaijua. Siku nilipokwenda kufunga kisanduku cha pampu yake alikaa juu ya kopo la rangi, akanitazama kazi yote. Nilipomaliza nikamwomba redio.

"Na mimi nitasema na watu kwa kitu gani?" aliuliza.

"Pampu itajisemea yenyewe, mzee. Ikizimika mimi nitaiona kwenye kioo cha kompyuta, kule ofisini."

"Pampu itajisemea." Aliyarudia maneno yangu taratibu. "Sawa. Na mimi?"

"Wanyapara wamepewa simu. Wakipita utawaambia."

Aliifuta redio kwa shati lake, akanipa. Nilikuwa na haraka. Meneja alitaka pampu zote ziwe zimeunganishwa kabla ya Ijumaa, na bado nilikuwa na mbili.

Wiki kama sita zikapita. Jumatatu moja asubuhi niliingia ofisini, nikaweka chai yangu mezani, nikafungua kumbukumbu za mtandao kama nilivyozoea. Nikaona kitu kilichonifanya nisimame.

Jumapili saa nane mchana pampu ya pili ilikuwa imenyamaza. Si kwamba iliharibika; haikusikika tu. Dakika chache baadaye laini yake ikaamka tena, lakini haikuwa ndani ya kisanduku. Kila kifaa kinachotumia laini kina namba yake kinayotoka nayo kiwandani, na namba niliyokuwa naitazama haikuwa ya kisanduku chetu. Ilikuwa ya simu ya mkononi. Simu hiyo ilitumia intaneti kwa muda mrefu, ikapotea, na kabla ya saa kumi na moja laini ilikuwa imerudi kwenye pampu, taa ya kijani, kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Nilimpelekea meneja habari. Alikuwa mtu wa maneno machache, mgeni kidogo katika mkoa wetu, na mtandao ule alikuwa ameupigania mbele ya wenye shamba.

"Nani yuko pale Jumapili?" aliuliza.

"Mzee mwangalizi, peke yake."

"Basi unamjua."

"Laini naijua, bosi. Mtu bado."

"Niletee taarifa ya maandishi saa tisa. Ikiwa ni wizi, liende polisi. Tukilea hili, kesho mtu atakuja kutuzimia kiwanda akiwa kitandani kwake."

Njiani, nikiwa nyuma ya pikipiki ya shamba, nilikuwa tayari nimeanza kuiandika taarifa kichwani. Mwangalizi, kwa kutumia nafasi yake. Mwangalizi, bila idhini. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho sikutaka kukitazama. Kuna njia ya kuifunga laini kwa kifaa chake, ili ikitolewa na kutiwa kwenye kifaa kingine isikubali. Ni jambo la dakika chache. Kwenye pampu ya pili sikulifanya. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu, "Nitarudi," na sikurudi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu. Nilipomwamkia aliitikia, kisha hakunipa nafasi.

"Umekuja kwa ajili ya laini."

"Umejuaje, mzee?"

"Si uliniambia kwamba kule ofisini unaona kila kitu? Nimekusubiri tangu jana. Nikasema, huyu binti atakuja tu."

Alinipisha kwenye kopo la rangi, yeye akaketi kizingitini, akanieleza.

Ng'ambo ya shamba lake kulikuwa na boma la wafugaji waliotoka nyanda kavu za Handeni, wamefuata maji kwa ajili ya kiangazi. Hawakuwa wakielewana naye. Majuma mawili kabla, ng'ombe wao waliingia kwenye mahindi yake, na tangu siku hiyo yeye na kijana mwenye ng'ombe walikuwa wakipishana njiani bila salamu. Jumapili mchana kijana yule alikuja mbio mpaka kwenye uzio wa pampu. Mkononi alikuwa na simu ya tachi. Mke wake alikuwa anajifungua mtoto wa kwanza. Uchungu ulianza kabla ya alfajiri, na mama wa kijana, ambaye amezalisha wanawake wengi kwa mikono yake, alikuwa amewaambia kwamba mtoto amekaa vibaya, damu inatoka nyingi, na hili yeye haliwezi.

"Akaniambia, 'Mzee, wewe una redio. Waite watu wa zahanati,'" mzee alisema. "Nikamwambia, redio wamechukua."

Nilitazama chini.

"Kilimani ni mbali. Baiskeli yangu gurudumu limekwisha. Wanyapara Jumapili hawapiti. Sasa nimesimama pale na yule kijana, nikakitazama kisanduku chako. Taa ya kijani inawaka. Nikasema, kumbe mtandao upo. Tena uko hapa hapa, ila umepewa pampu."

"Uliitoaje? Kisanduku kina kufuli."

"Kufuli lina bawaba, na bawaba zina skrubu. Halafu nilikuona siku ile ulivyoiweka laini. Ile kona iliyokatwa inatangulia."

Waliitia laini kwenye simu ya kijana. Ikakubali. Namba ya nesi wa zahanati ya shamba mzee alikuwa nayo kwenye daftari lake la mafuta ya pampu, na kijana akampigia nesi kwa intaneti. Nesi alipata gari la shamba, akafika bomani, akawaambia pale pale kwamba huyu ni wa kupasuliwa, wakamkimbiza hospitali ya wilaya Korogwe. Kijana aliacha simu kwa mzee ili nesi aweze kumpa habari na mama aliyebaki bomani azisikie.

"Wamepona wote wawili," mzee alisema. "Mtoto wa kike. Habari zilipofika nikarudisha laini mahali pake, nikafunga skrubu. Maji ya kiwanda yasije yakapungua. Na kitu si changu."

Nikamwuliza kama ile simu bado iko pale. Ilikuwepo, kijana alikuwa bado hospitalini. Nikamwomba mzee ruhusa ya kufanya jaribio, nikatoa laini, nikaitia kwenye simu, nikaketi tena.

Intaneti ilifunguka mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeiachia laini ya pampu njia ya kutoka nje, ili fundi aliyetuuzia pampu aweze kuikagua akiwa Dar es Salaam. Nikajaribu anwani ya pampu. Ukurasa wake ukaja, ukaniuliza nenosiri. Nikaandika lile la mtengenezaji wa pampu, linaloandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo na kujulikana na kila fundi. Ukafunguka. Nikajaribu pampu ya kwanza. Ikafunguka nayo. Nikajaribu mizani. Nikiwa nimekaa juu ya kopo la rangi, na simu ya mfugaji mkononi, ningeweza kulikausha shamba zima kwa kidole kimoja.

Mzee aliona uso wangu umebadilika. "Nimeharibu?"

"Hapana, mzee. Wewe hujaharibu kitu."

Kabla ya kuondoka alinipeleka bomani. Mama wa kijana alikuwa ameketi kivulini, shuka limemzunguka mabegani, macho mekundu kwa kutolala. Nilimsalimia kwa Kimaasai kidogo ninachokijua, nikimwita mama. "Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia. Akaniuliza kwa Kiswahili kama mimi ndiye mwenye simu ya pampu. Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru, akanishukuru tena, na mimi sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nimekuja kumtafuta mwizi.

Saa nane na nusu nilikuwa ofisini mbele ya karatasi tupu. Nitakuwa mkweli: nilifikiria kuandika nusu yake. Ningeweza kueleza aliyoyafanya mzee na kwa nini, nikaomba asamehewe, na jambo likaishia kwenye huruma. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini laini ilikubali. Meneja hakujua kwamba kuna kufunga na kutofunga. Katika shamba zima aliyejua ni mimi.

Niliandika yote. Kwamba laini haikufungwa, na aliyetakiwa kuifunga ni mimi. Kwamba nenosiri halikubadilishwa. Kwamba pampu, mizani na matrekta vilikuwa vinaonana bila sababu yoyote ya kuonana. Kwamba niliondoa redio kwa watu wanaokaa peke yao mbali, sikuwapa kitu mahali pake, nikauita huo usalama. Nikatia saini.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Unajua hii barua naweza kuitumia kukufukuza?"

"Najua."

"Na yule mzee alifungua kifaa cha kampuni kwa bisibisi."

"Alifungua, bosi. Na asingefungua, leo tungekuwa na msiba mlangoni, na mimi na wewe tusingejua kwamba shamba zima liko wazi. Mtu mbaya angetuonyesha siku nyingine."

Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwenye mizani, likipiga mlio wake. Mwishowe akauliza, "Ukipewa wiki mbili, unaweza kufanya nini?"

Nilipata barua ya onyo, na nilistahili. Mzee naye aliitwa, akaonywa kwa mdomo kuhusu bisibisi, kisha meneja akainuka akampa mkono. Mzee alinisimulia hilo la mkono zaidi ya mara moja.

Wiki mbili zile nilifanya kazi kama sijawahi. Nilipita kwa kila kisanduku, nikaifunga kila laini kwa kifaa chake, moja moja, na safari hii sikuandika "Nitarudi" popote. Nilibadilisha manenosiri yote. Niliugawa mtandao vipande, mizani kivyake, pampu kivyake, simu za wanyapara kivyake, ili mtu akiingia chumba kimoja asijikute ndani ya nyumba nzima. Ile njia ya fundi wa Dar nikaifunga. Akitaka kuingia anapiga simu, namfungulia kwa saa moja, namsimamia, nafunga. Bawaba za visanduku nilizipeleka Mombo kwa mchomeleaji mmoja, akanitengenezea zisizoonyesha skrubu kwa nje. Nilimpa mzee moja ajaribu kuifungua. Alihangaika nayo mpaka chai yake ikapoa, akasema, "Hii sasa ni bawaba."

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndogo. Katika kila pampu niliweka simu moja ya ukutani, nyekundu, yenye laini yake. Haina intaneti. Haiwezi kuiona pampu wala mizani. Inaweza kupiga sehemu mbili tu, zahanati na ofisini kwangu, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, awe wa shamba au si wa shamba. Meneja aliniuliza kama hatufungui tundu jingine. Nikamwonyesha kwenye kioo jinsi laini ile ilivyofungiwa kwenye chumba chake. Akaniambia nijaribu kuivunja mbele yake. Nilijaribu hadi adhana ya alasiri, nikashindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Simu ya pampu ya pili ililia zahanati kwa mara ya kwanza asubuhi moja ya Jumanne. Nesi aliikimbilia na glavu mkononi. Alikuwa ni yule yeyo, anauliza siku ya chanjo ya mjukuu wake. Nesi akamwambia ile ni ya dharura. Yeyo akamjibu kwamba anajua, na ndiyo maana ameuliza kwa ufupi.

Mambo hayakwenda yote sawa. Mnyapara mmoja alipoteza simu yake kule Mkumbara akakaa siku tatu bila kuniambia, kwa woga. Nikajifunza kwamba watu wakiogopa kukuambia, kioo chako kinakuwa nusu kipofu. Tangu hapo nawaita wote mara moja kwa mwezi, wanyapara na waangalizi, tunakaa chini ya paa la ghala la singa, na ninaanza mimi kwa kusema kosa langu la mwezi huo. Mara ya kwanza walicheka kwa aibu. Siku hizi wananikatiza kabla sijamaliza, kila mmoja ana la kwake.

Mwezi uliopita, mchana, simu nyekundu ya pampu ya pili ililia mezani kwangu.

"Binti, kuna mgeni," mzee alisema. "Amekuja na pikipiki. Anasema ametumwa na waliouza pampu, anataka kuchomeka kompyuta yake kwenye kisanduku."

"Ana barua?"

"Anayo. Lakini barua hata mimi naweza kuandika. Nimemwambia asubiri."

"Amekasirika?"

"Amekasirika. Nimempa hindi la kuchemsha."

Nilipofika niliwakuta wawili wameketi kizingitini wanatafuna. Fundi alikuwa mtu halali. Nilithibitisha kwa kupiga Dar, na alikuwa kweli ametumwa kubadilisha kifaa ndani ya kisanduku. Lakini kompyuta yake nilipoikagua ilikuwa imejaa uchafu, virusi alivyokuwa akivibeba kutoka shamba hadi shamba bila kujua, na ambavyo vingeingia kwetu kwa waya wake. Hakubisha, alionekana kuona haya. Nikamsafishia, kazi ikachukua karibu saa mbili, na mzee akaongeza mahindi kwenye sufuria. Mgeni alituuliza kwa nini pampu ya mtoni inalindwa namna hii.

"Kwa sababu nyuma yake kuna kiwanda," mzee alimjibu, akimpa la pili. "Kula. Fundi wetu akisema tayari, utachomeka."

Saa kumi nilisema tayari. Akachomeka. Taa ikawa nyekundu, ikafikiri kidogo, ikawa ya kijani, na maji yakaanza kupanda.